Limi na Ubao wa Duara la Baba Yake

Limi hakujua kujisifu nusunusu. Tangu amalize kuandika ile programu chumbani kwake Kalangalala, mtaa mzima ulishapata habari: ubao wa taa utawekwa kwenye mdomo wa duara, shimo la dhahabu analochimba baba yake kule Nyarugusu. Kijani, shukeni; nyekundu, mtu asishuke.

Na kazi yenyewe ilikuwa safi, tusimwonee. Hakuandika popote kwamba kipimo fulani, cha maji au cha pampu, kikibadilika, taa iambiwe. Hesabu ya taa ilijifuatilia yenyewe. Kila ilipofanyika, ilikumbuka imesoma vipimo gani, na kimojawapo kikibadilika ilifanyika upya bila kusukumwa na mtu.

Siku ya majaribio wachimbaji walijaa. Mzee Masele, baba yake, ndiye aliyekuwa akishuka wa kwanza kila asubuhi, na alishasema wazi kwamba ubao ukishindwa leo, wataendelea na mazoea yao. Limi akatumbukiza kipimo cha maji ndani ya pipa tupu. Onesmo, fundi pampu, akawasha pampu ya kutoa maji duarani, kisha akaanza kumimina maji kwenye pipa.

Maji yakapita alama ya hatari. Namba kwenye kompyuta ikapanda nayo. Taa ikabaki kijani vilevile.

"Hii itatuzika wote!" Onesmo akasema, na watu wakaangua kicheko. Mzee Masele hakucheka. Alichukua kofia yake ya kuchimbia, tayari kushuka.

"Baba, nisubiri kidogo," Limi akasema, akiinamia kompyuta.

Alipofungua programu nusura ajizabe kofi. Aliandika hivi: pampu ikiwaka, toa kijani; ikizimika, soma maji. Ndivyo alivyozoea tangu utotoni. Watoto wa wachimbaji husikiliza pampu tu. Pampu ikinguruma, baba yuko salama. Basi pampu ilipowaka, hesabu ilipata jibu mapema, haikufika kwenye maji, na isichokisoma haikifuatilii. Programu haikukosea hata chembe. Mwenye kosa alikuwa yeye.

Akaupandisha mstari wa maji ukawa wa kwanza.

"Kaka Onesmo, mwaga hayo, mimina tena."

Maji yalipofika kwenye alama, taa ikageuka nyekundu.

"Lakini pampu inafanya kazi!" Onesmo akalalamika.

"Inafanya," Limi akajibu, "na maji yanaishinda."

Hakuna aliyecheka tena. Mzee Masele alichukua nyundo akaupigilia ubao mwenyewe kwenye mdomo wa duara, na kipimo cha maji kikashushwa ndani.

Wiki iliyofuata mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi pampu ilinguruma kama kawaida, ubao ukawaka nyekundu, na Mzee Masele akaketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Wachimbaji wa duara la jirani walipita wakamshangaa: mbona leo hashuki, na pampu yake inasikika mpaka barabarani?

Akawaonyesha ubao, kifua mbele.

"Binti yangu amekataa."