Chaja ya Yusra

Sikumpenda Yusra tangu siku aliyoingia ofisini, na sioni sababu ya kulificha hilo. Alikuja kutoka Kondoa na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba ya taipu. Kumi na mmoja niliimalizia kwenye shirika la umma, mpaka lilipouzwa na sisi tukaambiwa tumepunguzwa. Mradi wa visima ukanichukua, na kwa miaka sita hakuna barua iliyotoka pale bila kupita mikononi mwangu. Mwaka tisini na tisa wafadhili wakaleta laptop, na laptop ikamleta Yusra.

Bwana Bartolomayo, mratibu wetu, alituita wote wawili akatuambia bila kupepesa macho. Kuanzia Januari bajeti ilikuwa na nafasi ya katibu muhtasi mmoja tu. Angeamua baada ya ripoti ya mwaka, ambayo ilipaswa kuandikwa kwa kompyuta na kuwafikia wafadhili mwisho wa Oktoba. Nilimwelewa vizuri. Ripoti ikitoka salama kwenye ile laptop, mimi narudi Hombolo kupalilia zabibu za watu, na Zablon wangu anaacha shule kidato cha pili.

Upepo wa Dodoma kuanzia Agosti hauna adabu. Unapiga hodi na vumbi jekundu, na hata ufunge madirisha, utalikuta limekaa juu ya meza. Ndiyo maana kila kitu ofisini kwetu kilivalishwa. Simu ilikuwa na kitambaa, faksi ilikuwa na kitambaa, na taipureta yangu ilikuwa na shuka nililolidarizi kwa mkono wangu. Yusra naye akafuma, tena akafuma vizuri kunishinda. Laptop aliifumia kitambaa cheupe. Lile tofali dogo jeusi la chaja, linalokaa katikati ya waya, alilifumia kifuko kinene cha uzi wa sweta chenye vifungo vitatu, likalala humo kama kichanga. Bwana Bartolomayo akapita, akasimama.

"Huyu binti ni msafi jamani," akasema.

Miaka sita shuka langu lilikuwa mbele ya macho yake, na hakuwahi kulisemea neno. Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Wiki ya kwanza ya Oktoba, joto lilipopanda, laptop ikaanza kugoma. Ilikuwa ikichaji kama nusu saa, kisha kitaa cha pembeni kinazimika. Betri ikiisha, skrini inakuwa nyeusi, na Yusra anabaki ameinua vidole hewani. Walibadilisha soketi. Wakaazima stabilaiza, wakidhani umeme ni mdogo. Yusra akaichomoa betri na kuisugua vile vyuma vyake vya kupokea umeme kwa kifutio cha penseli. Kitaa kikawaka, wakapongezana, na baada ya nusu saa kikazima.

Ikabidi ipelekwe Chang'ombe, mtaa wa hapa hapa Dodoma, kwa Ambokile, fundi wa redio na televisheni. Kabla ya kuipeleka, Yusra alivua vitambaa vyote na kile kifuko akaviweka kwenye droo, kwa kuwa mikono ya fundi ina masizi. Kwa Ambokile laptop ilichaji mchana kutwa. Ikarudi ofisini, ikavalishwa, ikagoma. Ikapelekwa tena, ikachaji tena. Yusra alikonda. Siku moja aliinamisha kichwa kwenye meza akalia, na mimi nikaendelea kuchapa, tena kwa kelele.

Sasa niseme ninachojua. Siku ya tatu tu ya ule mgomo, Yusra alikwenda kuswali, na mimi nikamwaga chai. Nikaikamata ile chaja niiondoe kwenye maji. Ilikuwa ya moto kiasi kwamba niliiachia. Nikafungua vile vifungo, nikalitoa lile tofali, nikaliweka dirishani kwenye upepo. Nilipomaliza kufuta meza na kusuuza kikombe, kitaa cha laptop kilikuwa kimewaka chenyewe.

Hapo sikuhitaji cheti cha miezi mitatu. Sisi wote tulivalisha vitu ili visidhurike, nani angefikiri kwamba nguo ndiyo ugonjwa? Kitu kinachotoa joto kilikuwa kimevikwa sweta, Dodoma, mwezi wa Oktoba. Nilisimama pale nikasikia raha ambayo sikuwahi kuipata kanisani. Kisha nikalirudisha tofali kwenye kifuko, nikafunga vifungo vyote vitatu. Yusra aliporudi akanipa pole kwa chai kumwagika.

Ilipobaki siku nne, Bwana Bartolomayo alikwenda Chang'ombe mwenyewe. Alirudi na laptop kwapani na uso umekunjamana, akasimama katikati ya ofisi, mhasibu akisikia na dereva akisikia.

"Ambokile anasema mashine ni nzima," akasema. "Anasema ikiwa kwake inachaji na kwetu haichaji, tusimtafute fundi. Tumtafute mwenye kijicho."

Hakuna aliyetaja jina. Mhasibu aliangalia karatasi zake na dereva akaangalia viatu vyangu. Yusra alitoa vitambaa kwenye droo, akavirudisha kimoja kimoja, na hakuthubutu kunitazama. Nikajua kwamba wameshaliongea.

Mimi ni mtoto wa katekista. Nyumbani kwetu neno mchawi halimwishii aliyeitwa hivyo. Linawafuata watoto kisimani, linawafuata mpaka siku wanayotaka kuoa. Nikinyamaza, kazi inabaki kwangu pamoja na jina hilo. Nikisema, jina linasafika na kazi inakwenda kwa huyu mwenye vidole vya kufuma. Nilijaribu kunyamaza, mpaka nusu saa ikapita na kitaa kikazima tena. Nilichapa mstari mzima, nikauona umejaa makosa, na hasira ikanipanda.

Niliinuka, nikaenda kwenye meza ya Yusra, nikakinyakua kile kifuko hata kifungo kimoja kikaruka.

"Kijicho chenu ni hiki hapa! Shikeni, muone kilivyo cha moto! Mmekivika chuma sweta halafu mnatafuta wachawi!"

Nikaliweka tofali dirishani, nikawaambia wasubiri. Walisubiri wamesimama, kama watu walio nje ya wodi. Baada ya robo saa kitaa kikawaka. Hakikuzima saa ile, wala saa iliyofuata. Yusra alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na Bwana Bartolomayo akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia.

"Mama Zablon! Kumbe tuna fundi humu ndani na tunahangaika hadi Chang'ombe? Hongera mama, hongera sana. Una akili wewe!"

Miaka sita nilikuwa nikiingoja sifa hiyo. Mungu anisamehe, ilinipanda kichwani. Ningesema kwamba wazo limenijia asubuhi ile, mambo yangeishia hapo. Lakini nilitaka aendelee kunisifu, nilitaka Yusra asikie kwamba nilimshinda zamani, kwamba cheti chake si kitu.

"Hili dogo," nikasema. "Mbona mimi nimelijua tangu wiki ile ya kwanza?"

Kicheko cha Bwana Bartolomayo kikaisha. Yusra alikuwa bado amenishika mkono.

"Wiki ya kwanza, mama?" akauliza. "Nilipokuwa nalia, ulikuwa unajua?"

Msema kweli mpenzi wa Mungu, wanasema. Nikamjibu kwamba nilikuwa najua. Akauachia mkono wangu taratibu, akakaa, akaanza kuandika ripoti, na laptop haikumkatisha tena.

Barua yangu ya kupunguzwa ilitoka Novemba, imechapwa kwa kompyuta, bila kosa hata moja. Barua niliitegemea. Sikuitegemea asubuhi iliyofuata siku ile ya kifuko, Yusra alipoingia, akaweka mkoba wake mezani, akawaamkia mhasibu na dereva, akafika kwangu, akanipita, akavuta kiti chake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuitikia marahaba.