Shamba la Wajane

Vumbi la Serrabianca ni jeupe. Hushika viatu, hushika kope, huingia kwenye mkate na kwenye divai, na mtu wa bondeni akipanda kututembelea hurudi kwake ameota mvi. Acha limshike. Mimi limenishika tangu nilipoanza kutambaa, na sijawahi kulipangusa kwa aibu.

Serrabianca yangu, nyumba chache na kengele moja iliyopasuka, nani kasema u mdogo? Wewe kila penye mguu pana jina. Hapa ni Chemchemi Kipofu, iliyofumba jicho ardhi ilipotetemeka. Kule ni Mruko wa Nyumbu, alikoteleza nyumbu aliyetubebea kengele, na ndiyo maana kengele yetu hukohoa badala ya kulia. Na pale juu, penye mawe mengi kuliko udongo, ni Shamba la Wajane. Hilo ni la nyumba yetu.

Vita viliwameza wanaume. Wanawake wakapanda mlima na majembe, watoto mgongoni, wakang'oa mawe, wakayajenga ukuta, wakapanda dengu. Bibi yangu Fiorenza alikuwa mmoja wao. Nisikie vizuri, Serrabianca: mimi ni mjukuu wa mikono ile, na nikipita mbele ya ukuta ule navua kofia.

Kila mwezi wa Mei tunauzunguka mlima na msalaba, padri mbele, sisi nyuma. Penye jina tunasimama. Mtu wa nyumba yenye jina lile hulitamka kwa kinywa chake mwenyewe, nasi sote tunajibu: Tupo! Hakuna kumsemea mwenzako. Jina lisipotamkwa na wenyewe, mwaka unaofuata msafara hausimami tena pale, unapita tu, na jina linalopitwa hufa. Tumeyazika mengi hivyo, kimya kimya.

Basi majira ya baridi yaliyopita daktari alinipasua koo. Uhai akaniachia, sauti akaichukua. Na nyumbani kwetu nimebaki peke yangu. Mke sina, mtoto sina. Nilikuwa na kinywa tu.

"Settimio!" aliniita Mei ilipofika, tukiwa njiani na msalaba, jirani yangu Argia, ambaye hajanipa amani tangu tulipokuwa watoto. "Miaka yote tunakuomba unyamaze, hutaki. Leo tunakutaka useme, unajifanya bubu!"

Nilicheka bila sauti. Kisha nikamshika mkono, nikamwonyesha ukuta kule juu, nikamwonyesha kinywa chake. Nisemee wewe.

"Mimi? Thubutu! Bibi yako atafufuka anichape na jembe. Utasema mwenyewe, mzee mwenzangu."

Tukafika. Padri Leandro akasimama, msalaba ukasimama. Nikavua kofia, nikavuta pumzi, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Ikatoka hewa tupu, na upepo ukaichukua. Niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya kisu.

Hapo Argia akawageukia wenzake. "Hebu nyamazeni, nyie! Na huyo mbwa, mshikeni mdomo! Sogeeni, sogeeni hapa!"

Wakasogea. Watu wote wa Serrabianca, hawa wapayukaji, hawa wanaogombana hata kanisani, wakanizunguka bega kwa bega, wakaukinga upepo kwa migongo yao. Wakanyamaza. Sijapata kusikia kimya kama kile maishani mwangu. Hata vumbi lililotimuliwa na miguu yao lilitua polepole, juu ya mabega yetu, juu ya kofia niliyoishika mkononi.

Nikanong'ona: Shamba la Wajane.

"Tupo!" wakajibu wote kwa pamoja, na ukuta wa bibi yangu ukalirudisha neno lile hadi bondeni.

Kofia bado ni nyeupe. Argia ameniletea brashi, ananigombeza kila asubuhi kwamba natembea mchafu. Brashi nimeitundika mlangoni. Kofia naivaa vilevile.