Unga wa Dukani

Kitendawili! Sema "tega," mjukuu wangu, usinitolee macho tu. Haya: bibi yangu alimkanyaga, mama akamkanyaga, nami nikamkanyaga, hakulia hata mara moja, siku walipomtandikia kokoto, tukalia sisi. Umeshindwa? Basi nipe mji. Dar es Salaam siitaki, joto lake halinipendi. Nipe Newala. Nimekwenda Newala, nikakaa ukingoni, nikaliona bonde la Ruvuma limelala chini kama kanga iliyoanikwa, na jibu nikalikuta hapo hapo: njia.

Njia yetu ya kisimani. Ilianza nyuma ya mikorosho ya mwisho ya mji, ikateremka ukingo kwa kujipinda, ikapita kwenye mti wa matambiko, ndipo ikafika majini. Ilikuwa ya ukoo wetu, na kwetu Wamakonde ukoo ni wa mama. Mjomba ndiye msemaji, lakini hasemi kabla ya kutuuliza sisi wanawake. Mtu akitaka kukata hata kijiti kule chini, wanawake hukaa kitako, na wakikubali, mkubwa wao hutwanga mtama kwa mikono yake mwenyewe. Unga ule humpa mjomba, naye huumwaga mtini na kuwaeleza wazee waliolala ni nini kinachoombwa. Bila unga, hakuna panga linaloinuliwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Sabuni zilirudi madukani, mitumba ikajaa sokoni, na mashine ya maji ya mradi ikafa kwa kukosa dizeli. Kila mtu akaambiwa ajitafutie. Tukarudi ukingoni na ndoo zetu. Ndipo ikaja kampuni ya matembezi. Walitaka pale pawe hifadhi, wageni waje wateremke polepole, watazame vipepeo na bonde, kisha wapande tena.

"Wateremke, wapande, mikono mitupu?" Dada yangu Dominika alicheka mpaka akakaa chini. "Agatha, hao kwao hawana kazi?"

Vijana walioajiriwa kufyeka walikuwa wa hapa hapa, wakagoma: unga kwanza. Sisi tukangoja kuulizwa. Dominika, mkubwa wetu, akautoa mtama juani, akaupepeta, akauweka tayari, maana alikuwa na masharti yake: wageni wapite, na ndoo zipite.

Hatukuulizwa. Asubuhi moja Mjomba Nikolao alionekana akiteremka na bwana wa kampuni, amebana kitu kwapani. Jua halijawa kali, tukasikia mapanga. Baadaye tuliikuta paketi pale mtini: sembe ya dukani, nyeupe pe, ya mashine. Vijana walikuwa wameona weupe chini ya mti, ikawatosha.

Mjomba alipewa mabuti na kofia, akawa anaitwa Mzee wa Hifadhi.

"Mjomba," Dominika alimwambia njiani, mbele ya watu, "umeyavaa mabuti, au yenyewe ndiyo yamekuvaa wewe?"

Watu walicheka. Mjomba naye alicheka, kidogo, akapita.

Kisha likaja geti. Aliyewekwa kulilinda ni Awadhi, mtoto wa jirani yetu.

"Shikamoo, Mama Julia," akaniamkia kwa jina la binti yangu. "Nisamehe. Wageni wakikuta ndoo njiani wanasema picha inaharibika. Pitieni korongoni."

"Awadhi, mama yako anapikia maji gani?"

Akatazama kufuli. "Hayo hayo yenu, mama."

Korongoni hapakuwa na njia. Palikuwa na mawe tu yaliyoshikwa na mizizi, na mvua za kwanza zilipoanguka, mizizi ikayaachia. Dominika alikuwa na mimba kubwa. Nilikuwa mbele yake, nikisikia akimsema Awadhi kwa utani; halafu nikasikia jiwe, halafu ndoo, ikigonga na kugonga mpaka chini. Sauti yake yeye sikuisikia kabisa.

Machela ya kanga na miti haikuweza kupandia korongoni. Tukampitisha hifadhini. Awadhi alifungua geti kabla hatujamwita. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kukanyaga kokoto zao, na sisemi uongo, njia ilikuwa nzuri. Ngazi zimechongwa, kamba za kushikilia zimefungwa, na kila penye kona pana benchi ya mgeni kupumzika. Tulimpumzisha Dominika kwenye mojawapo. Akakata roho pale pale, uso umeelekea bondeni, chini ya kibao kilichoandikwa "Mandhari."

Kwenye mazishi sikumwamkia mjomba. Nilisimama mbele yake, waombolezaji wote wakisikia.

"Siku ile mtini, ulipomwaga unga ambao hakuna aliyeutwanga, uliwaambia wazee nini?"

Akainama, akafunga kamba za mabuti ambazo zilikuwa zimefungwa.

Kampuni nayo haikukaa. Wageni walipenda zaidi simba wa kaskazini kuliko vipepeo wetu. Geti likaota kutu, benchi zikaenda kuwa kuni, wanawake wakarudi njiani na ndoo zao kama vile hapajatokea kitu. Mimi nilipita pia. Nitapita wapi?

Mjomba akazeeka, macho yakaingia kiza. Watoto wake ni wa ukoo wa mama yao. Yeye ni wetu, hata angekuwa nani. Basi nikawa nampikia uji, namfulia, namtoa nje aote jua. Miaka ilikwenda hivyo. Nilimlisha, lakini shikamoo sikumpa.

Asubuhi moja ya kiangazi alilishika bakuli bila kunywa. Upepo wa bondeni ulikuwa ukipanda na kupekuapekua majani ya mikorosho.

"Agatha, utanizika bila kuniamkia?"

"Hujanijibu, mjomba."

Akalizungusha bakuli mikononi mpaka uji ukapoa.

"Niliwaambia wazee mmekubali," akasema. "Niliwataja mmoja mmoja, kwa majina yenu. Nikaanza na Dominika, kwa kuwa ndiye mkubwa."