Orodha ya Pili

Saa mbili na nusu asubuhi, kama kawaida yake, Bi Vema aliweka kikombe cha chai kushoto kwa kibodi, daftari la ukaguzi kulia, akaita orodha ya viungo kwenye skrini. Viungo kumi na sita, vyote vizima. Akaandika "vema" kwenye safu ya kwanza. Kisha, bila kuita orodha ya pili, kalamu ikahamia safu ya njia, nako ikaandika "vema".

Neno hilo ndilo lililompa jina. Alikuwa na mwaka mmoja tu tangu atoke chuoni, mwandiko wake mzuri kama wa kadi ya harusi, na wenzake hawakuwa na la kumtania zaidi ya hilo, maana alikuwa haongei.

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Bi Vema, okoa jahazi, dada yangu. Kuna mama hapa ametoka mji wa mlimani. Anasema simu zao zimekufa na haondoki mpaka amwone aliyeziua."

"Mlimani? Viungo vyao ni vizima. Nimetoka kuvitazama sasa hivi."

"Basi shuka umwambie mwenyewe. Mimi siwezi, ana mwavuli."

"Mpeleke kwa mkuu wa kituo," alisema, akaweka simu chini.

Katika chumba kile hazikupita sauti za watu. Zilipita habari fupi zinazotangulia sauti: nani anampigia nani, simu yake iko huru au ina mtu, iite. Kiungo ni waya zinamopita habari hizo. Njia ni ruhusa ya kufika mji fulani kwa waya hizo. Fundi mkuu, mzee aliyempokea siku yake ya kwanza, alimweleza hivi: "Mwanangu, usiniambie daraja limesimama. Niambie pia kama geti lake liko wazi. Soma orodha zote mbili." Lakini orodha ya pili ilikuwa na kurasa kumi na moja, na kwa miezi hakukuta hitilafu hata moja. Kidogo kidogo akaacha kuisoma. Kuandika hakuacha.

Sasa akaiita. Kwenye ukurasa wa saba aliikuta: mji wa mlimani, njia imefungwa kwa mkono, Jumanne, saa tisa na dakika kumi. Chini yake, jina la fundi mkuu.

Jumanne yeye na mzee walitakiwa kuijaribu njia ile. Fundi mkuu alikwishaingia kwenye mtambo kwa jina lake, kisha akakumbuka miwani yake iko chini. "Nisubiri," alisema. Bi Vema hakusubiri. Alitaka, mara moja tu, kufanya jambo peke yake bila mtu kumsimamia begani. Akaifunga njia, akafanya jaribio, likaenda sawasawa. Furaha ikamjaa hadi akatoka mbio kumpokea mzee kwenye ngazi. "Nimemaliza!" Kuifungua tena hakukumbuka. Wala kengele haikulia, kwa kuwa njia iliyofungwa kwa mkono haipigi kengele; mtambo huamini kwamba aliyeifunga anajua anachofanya.

Akaandika amri ya kuifungua. Ilichukua sekunde tatu. Watu wa mlimani walikuwa wamezisubiri sekunde hizo tatu tangu Jumanne, na leo ilikuwa Ijumaa.

Alipoitwa ofisini kwa mkuu wa kituo, daftari lake kwapani, alimkuta yule mama amekaa na mwavuli magotini. Alikuwa mkunga. Fundi mkuu alisimama karibu na dirisha.

"Juzi mchana nina mzazi anatoka damu," mkunga alikuwa akisema. "Napiga hospitali ya huku, naambiwa kwa sauti tamu kabisa, namba unayopiga haipatikani. Hospitali nzima haipatikani! Imehama? Tumembeba kwa kitanda, wanaume wanne, mpaka barabarani, tukaomba lori la mchanga."

"Na mzazi..." mkuu wa kituo aliuliza polepole.

"Yupo. Na mtoto yupo. Lakini msijipongeze, si kwa hisani yenu."

Mkuu wa kituo akaisukuma karatasi iliyotoka kwenye mtambo. "Fundi, hili ni jina lako."

Mzee akavaa miwani, akasoma. Kisha akamtazama Bi Vema. Si usoni, mikononi, jinsi ilivyokuwa imelikumbatia lile daftari. Bi Vema akajua kwamba ameshajua.

"Ni langu," alisema mzee.

"Na daftari?" Mkuu wa kituo akalichukua mikononi mwa Bi Vema, akalifunua. "Jumatano vema, Alhamisi vema, leo vema. Huyu binti alikuwa anaandika nini?"

"Nilimwambia nimeshazisoma njia zote. Aandike tu."

Alikuwa hajui kudanganya. Macho yake yalikuwa kwenye kalenda ukutani, kama mtu anayesoma maneno aliyoandikiwa na mwingine.

"Mwezi ujao unakwenda chuo cha mafunzo kufundisha vijana," alisema mkuu wa kituo. "Nimekupendekeza mimi mwenyewe. Sasa nikawaambie nini? Kwamba utawafundisha kusahau? Nitaandika barua ya onyo, na hilo la chuo lisahau."

Huo ndio ulikuwa wakati wa kusema. Bi Vema akafungua mdomo.

"Niwaletee chai?" aliuliza.

Kwenye korido, mbele ya birika la umeme, alitamani sakafu impasukie. Mzee akamfuata, akajifanya anatafuta sukari.

"Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Mimi nina miaka thelathini na miwili humu. Wewe umeanza jana. Barua kama ile itakuandama popote uendako."

"Lakini chuo... Ulishanunua hata viatu."

"Viatu navaa hata kwenda dukani." Akacheka kidogo, ila macho hayakucheka.

"Asante, baba," alisema Bi Vema.

Mzee akarudi ndani. Lile neno likabaki kinywani mwa Bi Vema kama kitu kilichooza. Asante! Mtu amebeba mzigo wako mgongoni, nawe unamshukuru, kisha unamwachia aende nao. Birika likachemka, likajizima. Akapanga vikombe vitatu kwenye sinia, akamwaga chai pembeni, akafuta, akamwaga tena.

Aliporudi, mkuu wa kituo alikuwa ameanza kuandika. Mzee alisimama palepale dirishani, miwani mkononi, akizifuta kwa shati lenzi ambazo zilikwisha kuwa safi. Bi Vema akamwinamia mkunga kwa kikombe. Mama yule akakipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa mipana, yenye kucha fupi. Kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Asante, binti yangu. Angalau humu ndani kuna mtu mmoja mwenye haya."

Sinia likamponyoka, likagonga ukingo wa meza. Wote wakageuka.

"Umeungua?" aliuliza mkuu wa kituo.

"Hapana."

"Basi nini?"

Mzee alimtikisia kichwa, taratibu, kumkataza. Bi Vema aliuona mtikisiko ule, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima hakumtii. Akalichukua daftari mezani, akaliweka juu ya ile barua iliyoanza kuandikwa, akalifungua kwenye ukurasa wa wiki hii. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Ni mimi. Jumanne yeye hakuwepo chumbani. Nilifunga njia kwa jina lake, nikasahau kuifungua. Na hizi 'vema' zote za safu ya pili," akaziwekea kidole, moja baada ya nyingine, "niliziandika bila kusoma orodha. Hata leo. Miezi mingi sasa sijaisoma."