Kulere ya Papa Étienne

Mtoto alishaanza kutabasamu, jina bado hana. Kosa la nani? La wazee wawili wenye vichwa vigumu! Pudentienne, mama yake Eliane aliyemzaa mtoto huyo, alitaka mjukuu aitwe Mapendo, jina la marehemu dada yake. Étienne, baba yake Dieudonné mume wa Eliane, alitaka Félicité, jina la mama yake. Hakuna aliyesogea hata kidogo.

Jumapili moja baada ya misa, pale kwao Rugenge, Eliane akachoka. Akawawekea karata na maharagi mezani, Dieudonné akitazama.

"Chezeni poka. Atakayeshinda maharagi yote ya mwenzake ndiye atatoa jina. Na makelele yaishe!"

Mchezo huo Dieudonné ndiye aliyewafundisha wakati wa mvua. Étienne alijifunza huku akishona nyavu, kwa sikio moja.

Wakacheza weee, hakuna mshindi. Kisha Pudentienne akainua karata zake mbili za siri: wafalme wawili! Eliane akafunua mezani tatu kati ya tano za wote: mfalme mwingine, na mbili za moyo. Pudentienne akafurahi, akaogopa hapo hapo. Wafalme watatu ni wazuri, lakini kama Étienne ameficha mbili za moyo, ikishuka moja tu zaidi atapata kulere, yaani tano za moyo, na wafalme kwisha kazi. Dawa ni kumbana mapema, asiendelee bure. Akasukuma nusu ya maharagi yake.

"Papa Dieudonné, lala tu, tupa karata."

"Minye silalake mchana, Mama Eliane," Étienne akajibu, akaweka yake sawasawa.

Karata ya nne ikafunuliwa: ya karo, alama ya almasi. Nyekundu, ndiyo, lakini si moyo. Pudentienne akashusha pumzi. Ajabu, Étienne akachekelea mpaka fizi zikaonekana, akasukuma maharagi yote!

Huyu mtu anafurahia nini? Pudentienne alibabaika kwelikweli. Akikosea, jina la dada yake limekwenda, dada aliyembeba mgongoni njia nzima ya hospitali ya Lemera alipougua utotoni. Akatazama meza tena. Kwa sasa hakuna kinachowapiga wafalme wake, ila karata moja imebaki.

"Nakubali," akasema, akasukuma maharagi yake.

"Kulere!" Étienne akabwaga karata zake. Moyo mbili. "Na za mezani moyo mbili, na karo! Tano, zote nyekundu!"

Eliane akaanguka kwa kicheko. "Papa! Kulere ya poka si rangi, ni alama! Lazima zote tano ziwe moyo!"

"Kulere ni kulere, ni rangi! Hii iko nyekundu, ile iko nyekundu. Minye niko kipofu? Dieudonné, weye hukusema hivyo!"

"Nilisema, Papa. Weye ulikuwa unahesabu matundu ya nyavu."

Ilibaki karata ya mwisho. Moyo mmoja tu ungemwokoa. Étienne akafumba macho, Eliane akafunua. Nyeusi ti! Pudentienne akapiga vigelegele, akamnyakua mtoto, akalia kwa furaha. "Mapendo! Mapendo wangu!"

Padri akambatiza mtoto Mapendo. Lakini Étienne, mtu wa vituko, tangu njiani kutoka kanisani alimwita "Kulere wa babu", na mtaa mzima ukamfuata. Pudentienne alinuna, akagomba, wapi!

Hata asubuhi ile mtoto alipopiga hatua zake za kwanza uani, bibi alimpanulia mikono, na kabla hajafikiri mdomo ukasema:

"Njoo, Kulere wangu, njoo!"

Étienne alikuwa mlangoni.

"Mama Eliane," akauliza taratibu, "eti ni nani alishinda?"

Pudentienne akacheka mpaka akakaa chini, Kulere mapajani.