Mapengo Mawili ya Nafisa

Jino la kwanza la Nafisa lilitoka siku ya Ijumaa alasiri, ndani ya kipande cha muhogo. Alilitema kiganjani, akalisuuza kwenye beseni, kisha akaniletea uani nilikokuwa nachambua machikichi. Nyuma yake walikuja watoto watatu wa jirani, wamejipanga kama wasindikizaji wa harusi.

"Mama, limetoka lenyewe," akasema. "Hata halikuuma."

Zainabu, mkubwa wao, alishaangalia juu ya bati akitafuta mahali pa kulirusha. Ndivyo nilivyofanya na mimi nilipokuwa mdogo: unarusha jino juu ya nyumba, unamwomba ndege akuletee jipya. Nikawaambia wasubiri kwanza. Nina miaka ishirini na sita, shule niliiacha darasa la sita, na mwaka huu nimerudi. Kila Jumatatu na Jumatano jioni nakaa na wanawake wenzangu kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Wiki ile mwalimu alikuwa ametuchorea mdomo ubaoni. Ukijifunza kitu ukubwani kinakuwasha, unatafuta mtu wa kumwambia.

"Kaeni," nikasema. "Tazameni huu mkungu. Chikichi likiiva naligusa tu, linaachia. Mnaona? Jino la utoto ni hivyo hivyo. Chini yake kuna jino kubwa linakua, linasukuma. Mzizi wa lile dogo unaisha kidogo kidogo, mpaka halina cha kujishikia. Ndipo linatoka. Si panya, si ndege. Limemaliza kazi yake."

"Kazi gani?" akauliza Zainabu.

"Kutafuna. Na kumshikia mwenzake nafasi, asije akaota pembeni."

"Na ukiling'oa kabla halijaiva?"

Nilikuwa nimenogewa na sauti yangu mwenyewe. Nikachukua chikichi bichi, jeusi, nikalivuta mbele yao, likakataa kutoka. "Hapo lazima kisu. Na linatoka na nyama."

Nafisa akafungua mdomo, akaweka kidole pande mbili za chini, pale ambapo wenzake wana meno yaliyochongoka kidogo. Yeye hapo hana kitu. Ana mapengo mawili tangu aanze kuota meno.

"Na haya yangu yalitoka lini?"

"Wewe ulizaliwa kibogoyo," Zainabu akasema. "Ulizaliwa tayari bibi kizee, ulikuwa unakosa mkongojo tu."

"Bibi kizee wewe, na magoti yako yanalia ukichuchumaa. Mimi yangu hayajaota. Yanakuja nyuma ya mengine." Akanigeukia. "Si ulisema, Mama?"

Nilisema. Nilianza kusema alipokuwa na miaka mitatu, nikaendelea kila mwaka.

"Nendeni mkarushe hilo jino," nikajibu. "Mwombeni ndege vizuri."

Wakakimbia. Mimi niliyekuwa nimemfukuza ndege dakika mbili zilizopita, nilimrudisha mbio ili Nafisa asiniulize tena. Nikainamia mkungu wangu, nikajichoma kidole kwenye mwiba, na nikafurahi kupata sababu ya kuinamisha uso.

Nafisa alikuwa na miezi sita alipopata homa na kuhara siku nne. Fizi zilivimba. Mama Mwavita, mama wa mume wangu Swedi, alimfungua mdomo akaonyesha vitu vyeupe chini ya ngozi. Akasema hayo ndiyo meno mabaya, yanaua watoto wachanga, yeye mwenyewe alizika wawili kabla hajajua. Akatupeleka kijiji cha Kizuka kwa Bibi Cikuru, aliyekuwa anayatoa. Alikuwa mwanamke mpole, mikono safi. Alisema bismillahi. Waya wa gurudumu la baiskeli ulionolewa aliufuta kwa chumvi. Mama Mwavita alishika kichwa. Mimi niliambiwa nishike miguu, nikaishika. Kisha Bibi Cikuru aliniwekea kiganjani vitu viwili vidogo, laini, vyeupe, akaniuliza, "Umeona funza?" Nikaona funza. Naapa niliona funza. Nikasema murakoze, asante, nikamwachia kuku.

Baada ya wiki homa iliisha. Tukasema sote, unaona. Na mimi nikawa mtu wa kuwaelekeza wengine. Wanawake wawili wa mtaa wetu walikwenda Kizuka kwa sababu niliwaambia.

Jumatano ile, mbele ya ubao, mwalimu alisema vile vyeupe ambavyo watu wanawatoa watoto wachanga ndivyo meno yenyewe, bado machanga. Homa ni homa, ina sababu yake nyingine. Darasa zima likafyonya. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe iko watu wajinga hivyo mpaka leo." Na mimi nikafyonya nao.

Watoto walikuwa bado wanagombania nani arushe jino wakati Mama Mwavita alipotoka ndani amembeba Fadhili, kitinda mimba wangu wa miezi saba. Mwili wake ulikuwa na moto tangu jana.

"Mama Nafisa, nimemufungua huyu mutoto mudomo," akasema. "Iko nyeupe huku na huku. Kesho asubuhi tupande Kizuka. Bibi Cikuru bado mukono wake hautetemeki."

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo kwenye daftari kabisa, kwa mwandiko wangu, yamepigiwa mstari. Lakini kuyasema ilikuwa kumwambia mwanamke yule kwamba alikosa, na kwamba mimi nilijua tangu Jumatano nikanyamaza.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Asubuhi Mama Mwavita alikuwa ameshafunga kuku miguu. Nilimwogesha Fadhili kwa maji ya vuguvugu, nikimfuta polepole kuliko ilivyohitajika. Nafisa alikuja amevaa viatu.

"Na mimi naenda. Nataka kuona meno mabaya yanavyotolewa."

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Amesema hata mimi nilitolewa kule, hapa na hapa." Aligusa mapengo yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyepata sehemu iliyokuwa inakosekana kwenye hadithi.

"Kweli," Mama Mwavita akasema kutoka mlangoni, kwa fahari yote. "Ndiyo maana uko hai, mujukuu wangu. Ulikuwa umekwisha kabisa."

Nafisa akafikiri. Kisha akaniuliza mimi, si bibi yake.

"Mama, yalikuwa yameiva?"

Fadhili alikuwa mapajani mwangu, joto lake likipenya kitenge. Nilitaka kusema nitakueleza jioni. Nilitaka mtu yeyote apite mlangoni aseme amahoro, anipe nafasi ya kumwitikia.

"Hapana," nikasema. "Hayakuwa yameiva. Wala hayakuwa mabaya. Yalikuwa meno yako."

Mama Mwavita akaweka kuku chini.

"Nani alinishika?" Nafisa akauliza.

"Bibi alishika kichwa. Mimi miguu."

"Nililia?"

"Ulilia mpaka sauti ikakauka."

"Sasa kwa nini ulisema yanakuja?"

"Niliona aibu."

Alirudisha miguu yake nyuma, taratibu, chini ya gauni. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

"Hadjara," Mama Mwavita akasema. Huwa haniiti kwa jina langu. "Unasema mimi niliumiza huyu mutoto?"

"Nasema tulikosa, Mama. Na mimi niliyemzaa ndiye nilimshika."

"Nilizika wawili. Wawili, unasikia? Wewe haujazika. Wamekupa mudomo kwenye hayo masomo yako."

"Sitaki kuzika, Mama. Ndiyo maana nataka homa ya Fadhili ipimwe. Kizuka hatuendi."

Nilimfunga Fadhili mgongoni, kitenge kikafunguka mara mbili. Nafisa alinifuata kwa sababu hakuna aliyemwambia abaki. Alitembea hatua tano nyuma yangu, na kila nilipopunguza mwendo naye alipunguza.

Kwenye dispanseri benchi lilikuwa limejaa. Tulikuwa bado tunasubiri Mama Mwavita alipofika, anahema, amebeba shuka ya Fadhili niliyoisahau. Alinirushia mapajani bila kunitazama, akaenda kukaa mwisho kabisa wa benchi.

Muuguzi alimchoma Fadhili kidole, akaondoka na tone la damu, akarudi akasema ni malaria, imewahiwa, dawa iko. Nikamwomba amwangalie na fizi. Akapitisha kidole. "Anaota meno tu," akasema. "Msiguse." Kisha akamwona Nafisa aliyekuwa anatazama kwa mdomo wazi. Akamshika kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu alitolewa meno akiwa mchanga. Nani alimpeleka?"

Aliuliza kwa sauti ya kawaida ya kazi, lakini benchi zima liligeuka kututazama. Kulikuwa na wanawake wa mtaa wetu pale. Mmoja nilisoma naye Jumatano.

"Mimi," nikasema.

Masikio yaliniwaka. Nilitazama sakafu, madoa ya dawa ya zambarau kwenye sementi, nikangoja kusikia midomo ikifyonya. Ilifyonya, michache.

"Tulimupeleka," Mama Mwavita akasema kutoka mwisho wa benchi. "Huyu mama yake alikuwa mutoto bado. Njia niliijua mimi."

Sikuthubutu kumgeukia. Muuguzi alivaa glavu mpya, akabonyeza ufizi wa Nafisa upande mmoja, akabonyeza wa pili, akakaa hapo kwa muda mrefu. Kisha akaniambia alichoona, akaandika karatasi ya kwenda kwa daktari wa meno Bujumbura.

Tulipotoka nje, lori la mawese lilikuwa linapita na ilibidi tusimame pembeni ya barabara. Nafisa alinivuta upande wa kitenge kwa vidole viwili, kama anayemshika mtu asiyemjua.

"Yataota?"

Neno la ndiyo lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia. Nikalimeza.

"Upande wa kushoto muuguzi amegusa kitu kigumu chini. Pengine jino kubwa liko, pengine litaota limepinda. Upande wa kulia hakugusa kitu. Yeye hajui. Na mimi sijui."

Alilamba mapengo yake kwa ulimi, la kushoto, la kulia.

"Basi usiseme tena yanakuja."

"Sitasema."

Lori likapita. Nafisa aliniacha, akaenda kumshika bibi yake mkono. Mama Mwavita alishtuka kidogo, kisha akaufunga mkono wake juu ya ule mdogo. Wakatangulia wote wawili. Nilisikia Nafisa akimuuliza wale watoto wawili waliozikwa waliitwa nani, na Mama Mwavita, ambaye kwa miaka yote niliyokaa nyumbani kwake hajawahi kuwataja kwa majina, akaanza kumjibu. Mimi nilikuja nyuma na Fadhili mgongoni, sikuwaita wanisubiri.