Bado Zina Ukungu

Mume wangu huwapeleka wajukuu wetu shule kwa gari letu kuukuu kabla hakujapambazuka. Siku hizo alikuwa akilalamika kwamba taa hazimuliki njia. Kweli, plastiki zake zilikuwa zimefifia na kuwa njano. Basi jioni moja tukazisugua, yeye kwa msasa wa maji, mimi nikimfuata kwa kitambaa na dawa ya meno.

“Mama watoto, leo gari limepiga mswaki kukushinda,” akanitania.

“Kitendawili!”

“Tega.”

“Nina macho mawili, lakini bila dereva sioni.”

“Gari hilo!” akacheka.

Tulipofuta povu, plastiki ziling’aa kama glasi mpya. Nikawasha taa, nikaziona nyufa zote za ukuta uliokuwa mbele. Mzee akainama, akazitazama kwa karibu.

“Bado zina ukungu. Umesugua kweli wewe?”

Mwanga ulimpiga usoni, nikaona weupe katikati ya kila jicho lake. Mtoto wa jicho, na sikuwa nimemwona.

“Baba watoto…” nikaanza.

“Lete dawa, bibie. Kesho watoto wana shule.”

Nikaminya dawa, nikampa, naye akaendelea kusugua.